Nani Alisema Mumuache?

Cirhuza alipofungua mdomo baada ya ule ugonjwa, hakuomba maji.

Hakumwita mke wake. Hakumtaja Mungu.

Aliuliza hivi: "Ni nani alisema banizimie machine?"

Watu wote chumbani wakaganda.

Kwa sababu wote walijua jibu. Na wote waliamini kwamba yeye, siku ile, hakuweza kutambua sauti ya mtu.

Wandugu, twende polepole.

Ilikuwa Bukavu, ile miaka ya Zaïre. Cirhuza alikuwa seremala wa mtaa wa Kadutu, mtu wa kifua kipana na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alifanya kazi na kaka yake mkubwa, Philémon. Msumeno mmoja mrefu, huyu anavuta, yule anavuta. Wazazi wao walikufa mapema, kwa hiyo Philémon ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha, akamuoza.

Alimuoza Adolphine, binti wa Nyangezi. Walikuwa na mtoto mmoja, Colombe, bado anajifunza kutembea.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Asubuhi Cirhuza alisema nyayo zimekufa ganzi. Kesho yake hakusimama. Ganzi ikapanda mikononi, ikapanda usoni, kope zikashuka kama pazia.

Mwisho ikakamata pumzi.

Majirani walishasema amerogwa. Philémon hakubishana na mtu. Alimtupa mgongoni akapanda naye kilima mpaka hospitali. Jina la hospitali nitaliacha.

Walikuwa na machine moja tu ya kupumulisha watu. Wakampitishia mpira kooni, machine ikaanza kazi. Fuu. Fuu.

Lakini si unajua courant, yaani umeme, ya wakati ule? Inakatika inavyotaka. Ikikatika, na groupe, ile jenereta, haina mazout ya kuiwasha, familia inapewa ballon ya mpira. Unaibana kwa mkono, hewa inaingia. Unaachia, inatoka.

Philémon alibana. Adolphine alibana. Walipokezana mpaka vidole vikavimba.

Siku moja Adolphine akiwa anabana, akaona kitu kilichomtisha. Akaona si mume wake anayepumua pale. Ni mikono yake yeye inayopumua.

Wiki zikapita. Cirhuza hatikisi hata ukope. Mgongo umeanza vidonda.

Ndipo Docteur Bulonza akaitisha conseil, kikao cha kuamua. Walikuwa yeye, Sister Marie-Louise aliyesimamia wauguzi, Abbé Venant, padri wa parokia, na familia. Mvua ilikuwa inapiga, na ofisi ya docteur ilikuwa inavuja, basi wakasimama palepale, kuzunguka kitanda.

"Namufinya, hashituke," docteur akasema. "Namumulika macho, haiko inajibu. Machine ndiyo inapumua. Yeye, sioni kama angali ndani."

Abbé akasema taratibu, "Kanisa haikatazi kuacha mutu aende kama saa yake imefika. Inakataza kumusukuma."

Philémon akapiga magoti chini. Mwanaume mzima.

"Mutu asizime! Nitabana ballon mimi peke yangu. Hata mwaka. Muniachie mudogo yangu!"

Sister akamshika bega. Docteur akamgeukia mke.

"Maman Adolphine, na weye?"

Adolphine alimtazama mume wake. Ule uso uliovimba. Ule mdomo uliopasuka na mpira. Alimpenda, jamani, msimfikirie vibaya. Alimpenda mpaka hakuweza tena kumwona vile.

"Mumuache," akasema. "Amechoka. Mumuache apumuzike."

Wakazima.

Sister akatoa mpira. Kifua kikatulia. Abbé akaanza sala. Philémon akageukia ukuta.

Kisha kifua kikapanda.

Chenyewe.

Kikashuka. Kikapanda tena.

Baadaye docteur alikiri waziwazi mbele ya familia: "Tulikosea. Ugonjwa ilifunga mishipa ya mwili, haikufunga akili. Na ilikuwa imeanza kumuachilia, sisi hatukuona. Ile wakati yote, pengine alikuwa anasikia sauti, lakini bila kujua ni ya nani."



Na siku sauti iliporudi, likaja lile swali. Ni nani?

Adolphine alifungua mdomo.

"Ni mimi," Philémon akasema.

Cirhuza akamtazama kaka yake.

"Toka," akasema. "Nisikuone tena."

Adolphine alimkimbilia Philémon mpaka nje.

"Shemeki! Juu ya nini unajipakaza neno yangu?"

"Muko na mutoto. Cirhuza anaweza ishi bila mimi. Bila weye, hapana. Usiseme kitu."

Akaenda Bunyakiri, kupasua mbao porini. Na Adolphine hakusema kitu.

Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Anakanda fufu, ule ugali wa muhogo, mkono unabana wenyewe. Yuko misani, watu wanaimba, yeye anasikia fuu, fuu. Anambeba Colombe, anajikuta anahesabu pumzi za mtoto.

Na Cirhuza? Alipona. Alirudia kazi. Lakini kile kicheko hakikurudi. Wakati mwingine alikaa kitini mchana kweupe, macho yamefungwa, hatikisiki kabisa. Adolphine anaita, kimya. Anasogea, anaweka kidole chini ya pua yake.

Macho yanafunguka.

"Niko," anasema. "Ningali ndani."

Basi. Adolphine anarudi jikoni.

Salamu za Philémon zilikuwa zinafika na madereva wa malori. Cirhuza anasikiliza, anaendelea kupiga randa. Hakurudisha hata neno moja.

Miaka ikaenda hivyo.

Kisha lori likaleta Philémon mwenyewe, amefunikwa shuka. Homa ilimuua kule porini, hakuna wa kumshika mkono.

Sanduku alilitengeneza Cirhuza. Alikataa kusaidiwa. Kabla hajapigilia kifuniko, Adolphine akaingia kwenye atelier, ile karakana yake, akafunga mlango, akaanguka chini.

"Haikuwa yeye. Yeye alikuombea. Ni mimi nilisema bakuzimie."

Akangoja nyundo. Akangoja kofi. Akangoja chochote.

"Minajua," Cirhuza akasema.

"Unajua? Tangu wakati gani?"

"Tangu ile siku. Nilisikia batu bote. Nilisikia mukubwa yangu anapiga magoti, analia. Sauti ya bibi yangu, naikosea namna gani?"

Adolphine akainua uso.

"Sasa juu ya nini ulimufukuza?"

Cirhuza akaweka mkono juu ya mbao.

"Kama ningekufukuza weye, ningebaki na nani? Hasira ilikuwa inanikula. Nilihitaji mutu wa kumupa. Yeye akaleta shingo yake mwenyewe, na mimi nikakata."

Wakakaa chini wote wawili, kila mmoja upande wake wa lile sanduku. Nje watu wa kilio walikuwa wanaimba.

Waliendelea kuishi pamoja. Walizeeka pamoja. Watu waliwasifu, ndoa ngumu kama jiwe la Kivu. Hakuna aliyejua kwa nini wawili hao, kila wakikaa kula, waliacha kiti kimoja wazi.

Mimi huwa nasema hivi. Adolphine hakuua mtu siku ile hospitalini. Aliulizwa, akajibu kwa moyo wake, na hakuna aliyekuwa nje ya chumba kile anayeweza kumhukumu. Aliyekufa aliuawa baadaye, polepole, na watu wawili walionyamaza.

Ukiulizwa neno zito mbele ya kitanda cha mtu wako, sema unachoamini, kisha ulibebe mwenyewe. Usimwachie anayekupenda akubebee.

Anayekupenda hatakuambia kwamba ni zito.