Waya wa Kwenda Chumbani kwa Mzee

Kazi yangu ni kufunga kamera na skrini na kuvuta nyaya. Nimeifanya makanisani Rwamgasa, kwenye mikutano ya wachimbaji Mwakitolyo, na kwenye harusi nyingi za Shinyanga mjini. Harusi inayoniuma mpaka leo ni ile ambayo picha haikukatika hata kidogo.

Aliyeniita alikuwa kijana mkubwa wa familia ya Waislamu wenye asili ya Kihindi, wauza vitenge karibu na soko. Dada yake alikuwa anaolewa. Baba yao alikuwa amepigwa na kiharusi, miguu imekataa, akawa wa kulala ghorofani, juu ya duka. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara. Walishapanga vijana wenye nguvu wambebe kwenye kiti, wamshushe ngazi, wamvushe, akamwozeshe binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. Skrini niliyotakiwa kufunga chumbani ilikuwa ya baadaye, akisharudishwa kupumzika, aendelee kutazama sherehe.

Nilipanda kumsalimia kabla ya kuanza kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwangaluka!" akanijibu, akicheka. Maisha yake yote alikuwa amewauzia wakulima nguo, na Kisukuma chake, hata ulimi ulipokuwa mzito, kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu.

Kijana wake alitaka turushe picha kwa simu. Nikakataa. Ukumbi ukishajaa watu, mtandao unalegea na picha inaganda. Nikavuta waya mmoja mzima, usio na kiungo katikati, toka kwenye kamera hadi chumbani. Niliupitisha kwenye kalavati chini ya barabara, ndani ya bomba, malori yasiukanyage. Niliuweka mbali na nyaya za umeme, na kila penye kona nikaupinda polepole, kwa sababu ukiuvunja kiuno picha huanza kumetameta.

Nilipowasha, ukumbi mzima ukaingia chumbani. Hata nyuzi za dhahabu kwenye mapazia zilionekana. Kijana alisimama akitazama kwa muda.

"Fundi, hii ni sawa na kuwa palepale," akasema. Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, ya nini tukutese na ngazi? Nipe idhini nimwozeshe kwa niaba yako. Utaona kila kitu."

Mzee alitazama skrini, akanitazama mimi. "Na wao wataniona?"

"Hapana, mzee. Waya huu unaleta huku tu, haupeleki. Na kamera ninayo moja."

"Haya," akasema.

Siku ya harusi nilimwachia mwenzangu kamera ukumbini, mimi nikabaki chumbani kuangalia skrini. Mzee alikuwa amevalishwa kanzu mpya na kofia. Nikahi ilipofika, sauti ya kijana wake ilitoka safi, neno kwa neno, na midomo ya mzee ikawa inacheza pamoja nayo. Maneno yale alikuwa ameyajifunza upya tangu ugonjwa, ili asikwame mbele za watu.

Baadaye bibi harusi akaja mbele ya kamera, akapunga mkono. "Baba!" akaita.

Mzee akainua mkono wake mmoja uliobaki mzima. Binti akaitwa na shangazi zake, akaondoka. Mkono ukabaki juu. Kamera ilishageukia masufuria ya biriani, na bado alikuwa ameuinua. Sikujua nimshushie au nimwache. Nikageuza uso, nikajifanya nakaza koneka ya waya nyuma ya skrini.

Alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata.

Juzijuzi niliitwa Buseresere kufunga kamera za ulinzi dukani. Mwenye duka alikuwa yule bibi harusi, na mumewe. Alinitambua mara moja. Nikampa pole ya baba yake.

"Nilimkuta amelala siku ile nilipopanda kumuaga," akasema. "Wakaniambia nisimwamshe, ameona yote. Kila mtu alisifu picha yako." Akaendelea kupanga boksi za sabuni. "Waya wako ungekatika asubuhi ile, kaka, wangembeba."

Hakusema kwa hasira.

"Kweli, dada," nikasema.

Akaagiza chai. Tulikunywa hapohapo kaunta, akinionyesha mwanawe, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.