Kiu Isiyo ya Salfa

Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko kwenye mikorosho ya Makote, wilayani Newala. Vitalis Namkuna anakaa juu ya mfuko wa salfa, anavua buti na kuinua mguu wa kushoto. Fakihi, mpulizaji mwenzake, anaumulika kwa simu.

"Safi. Mguu wa bibi harusi," anasema Fakihi.

"Tazama na kisigino."

Vitalis ana miaka 47. Kwa misimu kumi na minane amepuliza salfa kwenye mashamba ya watu. Unga huo huzuia ugonjwa wa ubwiriunga usikaushe maua ya korosho. Hukausha koo pia. Ndiyo maana mwaka juzi kiu ilipomshika, hakushtuka.

Aliyeshtuka ni mkewe, Josephina, kwa sababu ndiye anayefuata maji, na huku nyanda za juu maji hayapatikani kirahisi. Kupuliza kuliisha Septemba. Hadi Novemba, ndoo iliyotosha nyumba nzima kutwa, Vitalis aliimaliza peke yake kabla ya adhuhuri.

"Nilimuuliza, Baba Winfrida, mashine iko stoo miezi miwili. Hiyo salfa unaipuliza wapi, tumboni?" anasimulia Josephina, aliyekuja nasi shambani.

"Nikamjibu imebaki kifuani," anasema Vitalis. "Ujinga. Usiku naenda chooni mara tano, suruali inavuka kiunoni, bado nasema salfa."

Januari, kwenye palizi, kijiti kiliingia ndani ya buti. Alikitembelea tangu asubuhi hadi alasiri bila kusikia maumivu. Josephina ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Zahanati walimpima sukari, ikasoma 22, kiwango cha hatari. Baada ya wiki tatu jeraha lilikuwa limeoza, na kidole kidogo cha mguu kilikatwa.

"Daktari alisema kiu ilikuwa dalili ya kisukari. Mimi nilikuwa naipa jina la dawa ya korosho."

Sasa humeza vidonge na kukaguliwa mguu kabla ya kazi, maana sukari imepunguza hisia za mguu, na jeraha jingine asilolisikia linaweza kuondoka na mguu wote. Bila mguu, hakuna kubeba mashine.

Kikundi chao kina wapulizaji kumi na sita. Vitalis anataka wote wapimwe kabla msimu haujaisha. Anaanza na Fakihi, ambaye tangu tufike ameshamaliza chupa mbili za maji.

"Alhamisi tunapumzika. Twende zahanati," anamwambia.

"Hii ni salfa tu, kaka."

"Hata mashine hatujawasha."

Fakihi anaitazama chupa, kisha anamtazama mwenzake.

"Na nikikutwa na sukari?"

"Utameza vidonge, utaacha soda. Na vidole vyako kumi utabaki navyo."

"Alhamisi saa ngapi?" anauliza Fakihi.