Siku Niliyompeleka Mwikali kwa Daktari wa Kichina

Nakumbuka siku moja, na nitaikumbuka hata nikifikisha miaka mia mbili, nilipompeleka mke wangu Mwikali kwa daktari wa Kichina aliyekuwa amefungua chumba cha dawa za mizizi hapa Machakos mjini. Miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo imeanza. Tulikuwa tumeoana miaka saba, bila mtoto. Mwikali alikuwa tayari anatibiwa hospitalini, anameza vidonge vya kuchochea mayai, na jirani akatuambia kuna watu huongezea dawa za Wachina ili mwili upate nguvu.

Haraka yetu ilikuwa na sababu. Kwetu Ukambani, mke asiyezaa anaweza kuoa msichana amzalie watoto wa nyumba yake. Huyo tunamwita iweto. Mama yangu alikuwa ameshamchagua mmoja huko Kithimani, na mbuzi wa kwanza wa mahari walingoja tu mavuno yaishe wapelekwe. Mwikali hakubishana. Alikonda tu, mwanangu, akakonda hadi nikaogopa upepo wa Konza ungembeba.

Mimi nami nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, na Kenya nzima hakuna aliyejua kuandika kunishinda. Basi nikamwandikia daktari barua. Kurasa tatu! Niliandika siku za Mwikali za mwezi, maumivu yake, homa yake ya utotoni, shangazi yake aliyekosa watoto, hata sukari anayotia kwenye chai. Nikaipiga pasi ikanyooka.

Daktari alikuwa mama mfupi wa makamo. Alimshika Mwikali mkono, akasikiliza mapigo ya damu kwa vidole vitatu, muda ambao maharagwe yangeiva, kisha akamwangalia ulimi. Barua yangu akampa Syombua, mama wa hapa mjini aliyekuwa mkalimani wake, amsomee. Wakaongea kidogo. Syombua akanigeukia huku anajizuia kucheka.

"Mzee, daktari anasema umeandika vizuri sana."

"Asante," nikasema, kifua mbele.

"Anauliza, wewe uko ukurasa gani?"

"Mimi? Mimi si mgonjwa. Mimi nimemleta."

"Anasema mtoto hutafutwa na watu wawili. Ulishapimwa?"

Nikakohoa. Nikatafuta kofia yangu, kumbe iko kichwani. Mwikali akasema polepole, bila kuniangalia, "Hospitalini wamemwita mara nne. Kila mara ako na kazi."

Daktari hakupandisha sauti. Alifunga droo za mizizi, akamwambia Syombua anieleze: dawa yake ni ya kusaidia tu, haichukui nafasi ya hospitali, na hatatoa hata jani moja mpaka aone karatasi yangu ya vipimo, na daktari wa hospitali ajue Mwikali anakunywa nini.

Masikio yangu yaliwaka moto wa kuchoma mahindi. Wiki hiyo hiyo nikapimwa. Mbegu zangu zilikuwa chache na dhaifu. Miaka saba, mwanangu, Mwikali alibeba lawama ambayo haikuwa yake, na mimi nikaiandika kwa mwandiko mzuri.

Jumapili nikaenda kwa mama. "Mwaitu," nikamwambia, "mbuzi wabaki zizini. Shida iko kwangu."

Aliweka uji wake chini. Kisha akasema, "Nenda umwite Mwikali. Nimemkosea."

Tukatibiwa hospitalini, sote wawili. Mizizi nayo tukaichemsha, daktari wa hospitali akijua. Ilikuwa michungu kuliko mwarobaini mara kumi. Mtoto wetu Mutheu alizaliwa mwaka wa tatu wa matibabu. Ukiniuliza ni dawa ipi iliyomleta, sijui, na anayekwambia anajua kwa hakika, mwulize amejuaje. Ninachojua ni kwamba tangu Jumapili ile, kabla hata ya mimba, Mwikali alianza kula akashiba.

Kwa hiyo mwanangu, mtoto akichelewa, nendeni wawili. Pimwa mapema, tena wewe mwanamume utangulie. Ukitaka mizizi, tumia, lakini usiiache hospitali, na usimfiche daktari mmoja kile ulichopewa na mwingine. Na ndugu zako wakianza kumnyooshea mke wako kidole, simama mbele yake wakuone wewe kwanza. Watoto wakija, Mungu awakuze. Wasipokuja, Mungu awaache mkiwa bado mnapendana na mnakula sahani moja.