Jumapili Tulizoipiga Chipu Radio

Baba yangu alipiga watu radio kwa zaidi ya miaka thelathini. Radio, hapa Bukavu, ni ile picha ya mifupa inayopigwa hospitalini. Alipostaafu walimwachia ufunguo wa chumba, kwa kuwa mashine ilikuwa kuukuu na yeye peke yake alijua tabia zake. Heshima hiyo nilimwondolea mimi.

Nilikuwa msaidizi wa profesa chuoni. Kwa mtandao nilifanya kazi na kikundi cha Ulaya kilichokuwa kinaunda chipu za setilaiti, zile zinazoweza kupewa programu mpya zikiwa tayari angani. Adui wa chipu huko juu ni mionzi: inapiga kumbukumbu yake, sifuri inageuka moja, na setilaiti inachanganyikiwa. Sehemu yangu ilikuwa kuifanya chipu ihesabu kila kitu mara tatu, ilinganishe majibu, na pale yanapopishana ijiandike upya. Nilialikwa kwenda kuijaribu kwenye mtambo wao wa mionzi. Viza nikanyimwa. Wenzangu wa Ulaya wakasema jina langu litaingia kwenye makala ya utafiti wao nikileta matokeo yangu mwenyewe. Nililia kwa hasira, kisha nikachukua chipu moja waliyowahi kunitumia, nikamwendea baba.

Na nilijua. Mionzi ya hospitali ni dhaifu, haifanani na ya angani, hata tungepiga mwaka mzima isingethibitisha kitu. Lakini nilitaka niwe na jedwali lolote la kuwatumia. Baba sikumwambia.

Kila Jumapili baada ya misa tulishuka kutoka mtaani kwetu Nyalukemba hadi hospitalini, wakati chumba hakina mgonjwa. Baba aliweka chipu pale watu wanapolala, tukajificha nyuma ya ukuta, akapiga. Halafu akangoja.

"Wacha kwanza ipumuzike," alisema. "Iko moto."

"Papa, muda unaisha. Tupige ingine."

"Hii mashine miye naijua, maman." Mama, ndivyo baba wa hapa anavyomwita binti yake.

"Moja tu, papa."

Jumapili ya sita nilimwambia "moja tu" mara nyingi mno. Tukasikia mlio mdogo, kama glasi inayopasuka, na taa ya ndani inayotoa mionzi ikafa.

Kesho yake tulirudi pamoja. Kwenye benchi alikaa mwanamke aliyetoka kisiwa cha Idjwi kwa boti, na binti yake mwenye nyonga iliyovimba. Aliambiwa mashine imekufa, atafute hospitali nyingine. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka.

"Ni miye niliiharibisha," baba alimwambia mkurugenzi wa hospitali. "Mutoto hana kosa."

Mutoto ni mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, nimesimama kando yake. Sikufungua mdomo. Baba akaweka ufunguo mezani, na wakamwambia asirudi tena.

Nilipowatumia jedwali, Ulaya walijibu kwa mistari miwili: asante kwa bidii, matokeo hayatumiki. Makala ilitoka na wazo langu ndani yake, bila jina langu. Niliwachukia kwa moyo wote, maana kuwachukia wao kulikuwa rahisi kuliko kujichukia.

Siku hizi wageni wakija nyumbani, baba anawaambia mashine yake ilikufa lakini chipu ya mutoto wake iko kule juu, inazunguka. Ni mimi niliyemdanganya hivyo. Kisha ananigeukia niwaeleze inavyofanya kazi, nami nawaeleza.