Taa za Pikapu ya Maziwa

Maziwa ya ngamia hayasubiri mtu. Yakikamuliwa upande wa Balambala, lazima yafike Garissa mjini kabla joto halijashika, la sivyo wateja wanakunja pua. Kwa hiyo mimi huendesha gari alfajiri, gizani. Na pikapu niliyoachiwa na marehemu mume wangu ilikuwa imeanza kunionyesha njia kwa choyo, hatua chache tu mbele ya bampa.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alifurahi. Hakusema, lakini nilimwona. Tangu nitoke eda alikuwa akitafuta sababu ya kuiuza, maana mimi kushika usukani kulimchoma roho. Sasa akampelekea mama mkwe habari kwamba nitafia barabarani na kumwachia wajukuu. Mama mkwe aliogopa, na simlaumu. Nyumba nzima humsikiliza yeye. Akaamua mnunuzi aje Ijumaa baada ya Magharibi. Taa zikiwa bado mbovu, gari liende.

"Abaayo, dada yangu, hii gari imezeeka," shemeji aliniambia. "Wewe kaa sokoni tu, maziwa italetwa."

Kaa sokoni! Mimi ninayeijua njia ile shimo kwa shimo. Nikaenda kutafuta spana.

Balbu mpya nilikuwa nimeshaweka, zikafifia vilevile. Vioo nilikuwa nimevisugua kwa dawa ya meno hadi vikang'aa, na bado havikusaidia kitu. Betri ilikuwa nzima. Nikaketi mchangani mbele ya gari, nikafikiri kwa hasira, na mimi nikiwa na hasira hufikiri vizuri. Ndipo nikaona jambo: kila nikiwasha indiketa, taa kubwa nazo zilipepesa. Umeme ulikuwa unafika, ila ulikosa njia nzuri ya kurudi. Nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ule waya mweusi nyuma ya taa. Ukuta wa mabati mbele yangu ukawa mweupe. Nilicheka peke yangu.

Waya huo mweusi, ambao mafundi huuita athi, ulikuwa umefungwa kwa nati kwenye bodi, chini kidogo ya taa. Nati yenyewe ilikuwa donge la kutu. Na juu yake hasa ndipo tunapotundika mtungi. Mtungi wa maziwa sisi huuvika gunia lililoloweshwa, tukaufunga mbele ya gari ili upepo wa safari uyapoze maziwa. Maji ni ya kisima, yana chumvi, nayo yalikuwa yakiidondokea nati ile kila safari.

Shemeji alipita akaona, akapata neno jipya: kumbe gunia langu ndilo lililoua gari. Nikamwambia gunia hilo nilifundishwa na mama yake. Akaenda zake.

Nilisugua kutu kwa msasa hadi chuma kikaonekana, lakini athi sikuirudisha pale. Nilivuta waya mnene, nikaupeleka ndani chini ya boneti, mahali pakavu, nikakaza nati na kuipaka grisi. Gunia halikuhama.

Ijumaa niliegesha pikapu ikitazama lango, nikaketi nyuma ya usukani. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake nje ya mlango. Baada ya Magharibi shemeji akaingia na mnunuzi, akimweleza kwamba bodi ni imara, injini haina neno, tatizo ni taa tu. Nikazungusha swichi. Wote wawili wakafunika nyuso kwa mikono.

"Zima, abaayo," shemeji akasema. "Hatuoni."

"Si ulisema hii gari haina taa?" nikamuuliza.

Mama mkwe aliinuka, akaja polepole hadi kwenye mwanga, akaweka mkono juu ya boneti. Akamwambia mnunuzi kwa Kisomali, kwa heshima zote, atafute gari kwingine. Mimi sikuzima taa mpaka walipotoka na lango likafungwa nyuma yao.

Kisha mama mkwe akauliza gunia liko wapi. Nikamwonyesha.

"Liache hapo," akasema. "Alfajiri nitalilowesha mimi."