Sweta Jekundu la Shangazi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu njia ya Laela, hakuna aliyevaa nguo nyekundu mvua zikianza. Nyekundu huita radi. Hilo nililijua kabla sijajua Baba Yetu.

Kipupwe kimoja shangazi Asha aliniletea sweta jekundu. Alikuwa ameolewa na Mwislamu mwenye duka, mjini Chanji, akasilimu, na bibi, mama yake mzazi, hakumruhusu tena kuvuka kizingiti. Alimkabidhi bibi lile sweta mlangoni, akaondoka. Bibi akanivika. Mwaka ule baridi ya Ufipa niliiona kwa wenzangu tu.

Mvua ya kwanza ilinikuta nalo machungani. Radi ikaua ng'ombe wetu, karibu kabisa na niliposimama. Bibi alinivua sweta, akalitupa motoni.

"Unaona? Shangazi yako kakutumia radi. Huko alikoolewa wamemfundisha uchawi."

Niliamini. Tangu hapo nikimwona shangazi njiani, nakimbia. Bibi akafa hajamfungulia mlango.

Mwaka jana binti yangu alipata mchumba Mwislamu, hukohuko Chanji. Nilikataa. Akaniuliza taratibu, "Mama, na mimi utanifungia mlango?"

Ndipo tukaenda kwa shangazi, mimi na yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo hukimbii? Au miguu imechoka?" Akacheka, akatukaribisha mkekani.

Chai haijapoa, mbingu ikanguruma. Shangazi akainuka, akafunika kioo kwa kanga, akamvua binti yangu mtandio wake mwekundu na kuusukumia chini ya godoro. Vilevile kama bibi.

"Kumbe na wewe unaogopa?" nikauliza.

"Si mama aliyenifundisha?"

"Sasa lile sweta, shangazi?"

"La kipupwe lile. Nilimwambia mama, mvua zikikaribia lifungie sandukuni, mtoto asilivae. Akasema amesikia."

Sikuweza kumalizia chai. Labda bibi alisahau tu, kusahau si dhambi. Lakini alijua nani amesahau, akaniacha nimwogope shangazi mpaka nazeeka. Na ndiye aliyenifundisha kuungama.

Binti ataolewa baada ya mavuno, na shangazi atakaa nami mbele. Hasira yangu kwa marehemu nimeiungama, haijaisha. Nikisali rozari nawaombea wafu wetu wote, bibi namtaja mwisho, kwa shida. Shangazi huanza naye katika dua zake.

"Jaribu na wewe," ananiambia. "Alikuwa mama yangu."