Ukuta wa Kupeania Mikono

Tarehe 11 Juni, fundi rangi mmoja alikabidhiwa kazi ya kuziba matundu ya risasi kwenye ukuta wa ukumbi wa soko. Mbele ya ukuta huo, Jumamosi, makamanda wa pande mbili zinazopigana wangepeana mikono. Hapohapo, mwezi Aprili, aliuawa binti yake, muuza vocha. Upande wa pili uliuteka mtaa kwa siku mbili, kisha ukarudi nyuma ukiwa umechukua maiti zote. Sharti la kurudisha miili ni mikono ipeanwe kwanza. Sharti la kupeana mikono ni mtu asiulize nani alifyatua.

Fundi hakuhitaji kuuliza. Alichomeka mpini wa brashi katika tundu moja. Ulielekea juu, kulia, kwenye mnara wa maji. Mnara huo, tangu vita vianze, wanaushikilia vijana wa upande wake mwenyewe.

"Shemeji, acha kupima ukuta," alisema kaka wa mkewe, mjumbe wa kamati ya maridhiano, aliyemletea plasta. "Ziba."

"Nikiziba hili, nani atasema tulimuua wenyewe?"

"Hakuna. Ndiyo amani hiyo."

"Amani, au kukaushiana?"

"Basi tukaushiane. Dada yangu anataka kaburi. Ukuta hauzikwi, mtoto anazikwa."

"Wewe ni mjomba wake."

"Ndiyo maana nimebeba ndoo mwenyewe. Unadhani napenda, na kitambi hiki?"

Wanaotetea kusahau husema waliokufa hawana haja na ukweli, walio hai wana haja na utulivu. Fundi anaona kinyume: aliye hai anaweza kujisemea, aliyekufa hana wa kumsemea. Lakini aliyekufa huyu yumo kwenye jokofu la watu wengine, na umeme hukatika.

Aliziba. Plasta, msasa, rangi nyeupe mara mbili. Tundu la mwisho alilijaza kwa kidole.

Jumamosi mikono ilipeanwa. Makamanda walisema yaliyopita si ndwele. Picha zilitoka safi. Jumapili kaburi lilichimbwa.

Jumatatu alfajiri, kabla mwili haujavushwa, risasi zilitoka tena mnarani na kizuizi cha barabarani kati ya pande mbili kikafungwa. Kaburi limefunikwa bati mvua isije ikalijaza. Wapatanishi wametangaza kwamba makamanda watakutana tena wiki ijayo, ukuta uleule. Fundi anaanza kuziba matundu mapya Alhamisi.